Namalwa na Kabureta za Bwana Mifugo

Mwaka wa hamsini na moja, mtu wa landi za reli pale Nakuru, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, ambaye stovu yake imegoma kuwaka hakuhitaji kwenda mjini. Alielekezwa safu ya mwisho ya nyumba, karibu na bomba la maji, mlangoni kwa Namalwa. Hapo angemkuta mama mrefu, kitambaa kimekazwa kichwani, amepakata stovu ya mtu kama mtoto mwenye homa, akiigeuza huku na huku akisikiliza inavuja wapi.

Hakuwa mtu wa kujishusha. Ukimwambia, kwa jina la mtoto wake, "Mama Nasimiyu, hii kazi umeifanya vizuri," alikujibu, "Najua," kisha akaendelea na nyingine. Wengine walimwona ana maringo. Jirani yake Achola, aliyempenda, alikuwa akisema maringo ya Namalwa ni ya haki, kwa sababu stovu aliyoitengeneza hairudi.

Alizaliwa chini ya Mlima Elgon, upande wa Bungoma, katika ukoo wa wahunzi. Baba yake alifua majembe na visu, na kaka zake walianza kuvuta mivukuto wangali wadogo. Yeye hakuruhusiwa kusogea. Mwanamke akipita kati ya moto na nyundo, walisema, chuma kinakataa. Basi alikaa mbali, akichambua mboga, macho yakifuata kila pigo. Alijua rangi ya chuma kilichoiva na rangi ya chuma kilichoungua. Hakuna aliyemuuliza.

Akaolewa na Makokha, fayamani wa reli, kazi yake kuulisha moto wa injini za treni kupanda na kushuka Bonde la Ufa. Walipohamia Nakuru, Namalwa alipata kazi ya kufua nguo kwa Kalasinga mmoja, fundi wa bati aliyeitwa Bachan Singh. Mahali pa kufulia palikuwa uani, mkabala na meza ya mzee huyo, na Namalwa akafua nguo miezi mingi huku akitazama lehemu inavyoyeyuka na kukimbia kwenye mshono. Halafu msimu mmoja wa mvua mzee akapata jipu kiganjani, na mikebe ya maziwa ya wakulima imejaa uani ikingoja. Alimwita Namalwa amshikie mkebe. Baadaye, maumivu yalipomzidi, akamtia chuma cha kulehemu mkononi.

"Wewe shika," alisema.

Namalwa akavuta mshono mmoja kutoka juu hadi chini bila kusimama. Mzee akajaza mkebe maji, akauweka juu ya ubao mkavu, akangoja. Ubao ulibaki mkavu.

"Nani nafundisha wewe?"

"Macho yangu," Namalwa akamjibu.

Tangu siku hiyo hakufua tena nguo. Na mzee alipohamia Kisumu kwa mwanawe, alimwachia vyuma vyake viwili vya kulehemu, mikasi ya bati na tupa zake zote. Ndivyo mtoto wa mhunzi alivyopata kiwanda chake.

Sasa, katika mwaka huo, alikuja kijana mmoja mnene wa sauti, jina lake Kiprugut, msaidizi wa daktari wa mifugo. Watu walimwita Bwana Mifugo. Kazi yake ilikuwa kuzunguka mashamba ya Subukia na Kabazi akichanja ng'ombe, na alibeba stovu ndogo ya kuchemshia sindano. Hiyo ndiyo aliyoileta. Namalwa aliipokea, akaivuta harufu, kisha akanyanyua pua kama mtu aliyeitwa na mwingine.

"Hii inanuka mafuta ya taa, ni sawa," alisema. "Lakini wewe unanuka petroli. Umejimwagia?"

Kiprugut akacheka kwa haya. "Si mimi, mama. Ni piki yangu."

Ilikuwa imeegemezwa ukutani, nyeusi, ndefu, pikipiki ya Kiingereza iliyotengenezwa miaka mingi kabla ya vita. Aliinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa na kabureta mbili, kila moja na kikombe chake cha shaba cha kupokea petroli kabla ya kuingia kwenye injini. Chini ya kabureta ya kushoto mchanga ulikuwa umelowa. Namalwa aliinama akatazama tone likijikusanya, likining'inia, likianguka, na jingine likianza nyuma yake.

"Inavuja hivi tangu lini?"

"Tangu zamani. Kwa barabara ya sawa si mbaya. Shida ni mlima. Nikianza kupanda Subukia, inamwaga kama bomba." Akakunja suruali akamwonyesha mguu. Ngozi ya shavu la mguu ilikuwa imekunjamana na kung'aa. "Mwezi uliopita ilishika moto. Nilizima na udongo. Sanduku la dawa nilitupa kwa majani, likapona. Gereji wameniambia vipuri vya hii havitengenezwi tena, niiuze kama vyuma vikuukuu."

"Na ukiuza?"

"Nitaenda na baiskeli. Lakini dawa ya sotoka inakuja na treni ndani ya barafu, mama. Barafu haingojei baiskeli. Ikiyeyuka, hiyo dawa ni maji tu. Na sotoka imeonekana tayari upande wa pili wa msitu. Ikiingia Kabazi, ng'ombe za watu zitalala chini kama nyasi."

Namalwa alichuchumaa. Alikuwa akitazama kile kikombe cha shaba. Kilikuwa na mshono, na mshono ulikuwa wa lehemu. Hapo akajua kwamba hicho kitu, japo kilitoka Ulaya, kilikuwa ndugu wa stovu.

"Niachie," alisema.

"Stovu?"

"Zote mbili."

Makokha aliporudi kutoka safarini, uso mweusi kwa masizi, alikuta pikipiki imesimama mbele ya mlango wake na mkewe amechuchumaa kando yake. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akavua kofia.

"Mama Nasimiyu, stovu ni stovu. Hii ni injini. Ikilipuka na huyo kijana, watu watauliza ni nani aliigusa."

"Waulize. Nitawaambia ni mimi."

"Sikatai mkono wako. Nasema tu, hujawahi kufungua moja."

"Na hiyo treni yako, siku ya kwanza ulikuwa umewahi kuwasha ngapi?"

Makokha aliangua kicheko, akaenda kuoga. Lakini alipotoka bafuni alichukua stuli, akaketi karibu, na Namalwa alipohitaji mkono wa nguvu kulegeza nati iliyoganda, mkono ulikuwa pale.

Kwanza alifanya jambo lililowashangaza majirani. Alipita mlango kwa mlango akaamuru kila jiko la safu ile lihamishwe upande wa pili wa nyumba, na wanaume wazime sigara. Achola alikuwa na maharage motoni.

"Maharage yangu yamekukosea nini?"

"Hayajanikosea. Lakini petroli haiwezi kukaa na jiko. Nisaidie, dada."

Achola akabeba sufuria yake, akanung'unika njia nzima, akarudi kutazama.

Namalwa akafungua kikombe cha kushoto. Ndani yake mlikuwa na boya, kidude cha shaba chembamba, duara, kitupu ndani, cha kuelea juu ya petroli. Juu yake palisimama sindano. Aliusukuma mtambo ule kwa kidole mpaka akauelewa: petroli ikijaa, boya hupanda, boya likipanda, sindano huziba tundu, tundu likizibwa, petroli husimama. Kazi yote ya kuzuia mafuriko ilitegemea kile kidude kuelea. Akakichukua, akakitikisa sikioni. Ndani kulisikika kitu cha majimaji kikicheza.

"Linakunywa," alimwambia Makokha. "Limetoboka, petroli imeingia ndani. Boya lililoshiba halielei. Sasa mlango utafungwa na nani?"

Alichemsha maji upande ule wa majiko, akayaleta kwenye karai, akalizamisha boya. Viputo vyembamba vikapanda kwa mstari kutoka kwenye mshono. Pale ndipo. Lakini hakukimbilia chuma cha moto. Bachan Singh aliwahi kumweleza juu ya mtu aliyelehemu debe lenye mvuke wa petroli, na sehemu ya mwisho ya hadithi ile haikuwa nzuri. Alitoboa kitundu kingine kidogo juu ya boya, akalikung'uta, akalirudisha kwenye maji ya moto tena na tena mpaka akilitikisa hasikii kitu na akilinusa hanusi kitu. Akaliacha juani. Ndipo akalilehemu, mshono kwanza, kitundu baadaye, na lehemu ikang'aa kama ushanga wa fedha. Alipolizamisha tena, hakuna kiputo kilichotoka.

Kesho yake Kiprugut alikuja akaipanda, akaelekea juu upande wa Menengai kuijaribu. Namalwa alisimama barabarani mikono kiunoni. Majirani walisimama pia. Sauti ilipotea, ikarudi mapema mno, na Kiprugut akashuka. Suruali yake ilikuwa imelowa miguu yote miwili.

"Imepunguza, mama," alisema kwa upole. "Lakini kwa mlima bado inamwaga. Pande zote mbili."

Mwanamume mmoja wa safu ya pili akasema kwa sauti ya kusikika kwamba stovu na pikipiki si mamoja. Namalwa alihisi masikio yakimchoma. Angeweza kumjibu, ulimi wake haukuwa butu. Lakini alichukia zaidi lile tone kuliko yule mtu. Aliingia ndani, akaketi kitandani, akafikiri.

Boya halivuji tena. Alikuwa na hakika nalo. Basi kwa nini halifungi? Alitoka akafungua vikombe vyote viwili, akaweka maboya kwenye viganja, moja huku, jingine huku, akafumba macho. Viganja vilimwambia kitu, ila havikumwambia kwa uhakika. Akachukua ufito wa fagio, akaufunga uzi katikati, akaning'iniza boya moja kila mwisho. Ufito ukainama upande wa boya alilolehemu.

"Nimelivisha koti zito," alimwambia Achola, na uso wake ukafunguka. "Lehemu nyingi. Ile niliyoipenda kwa kuwa inang'aa, ndiyo inalizamisha."

Alasiri yote alikwangua kwa tupa nyembamba kabisa, akipima, akikwangua, akipima, mpaka lehemu ikabaki kama utando tu na ufito ukakaa sawasawa. Kisha akageukia kabureta ya kulia. Boya lake lilikuwa zima, lakini sindano yake ilikuwa imelika, ina pete nyembamba iliyochimbika pale inapokutana na tundu. Aliipaka dawa ya kung'arishia shaba, akaisugua ndani ya tundu lake kwa kuizungusha kati ya vidole, taratibu, kama mtu asagaye dawa, mpaka vikakubaliana. Mwisho akakagua koki iliyo chini ya tangi. Kizibo chake kilikuwa cha gome jepesi kama kizibo cha chupa, kimekauka na kusinyaa. Alikichemsha mpaka kikavimba na kurudi mahali pake.

Treni ya kuleta dawa ilikuwa imetangazwa kufika asubuhi iliyofuata. Kulipokucha Kiprugut alikuja amevaa koti lake la mvua, uso umekazana. Sotoka ilikuwa imevuka msitu.

"Mama, nipande?"

"Bado. Sitaki kusikia habari yake kutoka Subukia. Nataka kuiona hapa."

Nyuma ya landi palikuwa na rundo la mataruma ya reli yaliyong'olewa. Namalwa aliwaita wanaume wa zamu ya mchana, na yule wa safu ya pili akiwemo, wakainua gurudumu la mbele na kulipandisha juu ya rundo mpaka pikipiki ikasimama kama farasi aliyetishwa. Mteremko wa Subukia haukuwa mkali kuliko vile. Makokha alishika usukani, wengine wakashika pembeni. Namalwa akavua kitambaa chake cha kichwa, kile cheupe cha kanisani, akakitandaza chini ya kabureta zote mbili. Akafungua koki.

Petroli ilisikika ikishuka, ikijaza vikombe, ikinyamaza. Kiprugut alitazama kitambaa. Achola alitazama kitambaa. Mtoto Nasimiyu aliinama mpaka pua ikakaribia kukigusa. Mtu wa safu ya pili akahamisha mkono uliochoka, akaendelea kushika.

"Itikise," Namalwa alimwambia mumewe. "Barabara ya huko si mkeka."

Makokha akaitikisa. Wakangoja mpaka mikono ikaanza kutetemeka.

"Mama Nasimiyu," mtu wa safu ya pili akasema, akihema, "imetosha. Tumeona."

Namalwa alikiokota kitambaa, akakitazama juani pande zote mbili, akakifunga tena kichwani pake. Kilikuwa cheupe vilevile. Hapo ndipo alipojisikia kifua kimejaa, si kwa sababu ya watu, bali kwa sababu chuma kilikuwa kimemtii, na alijua ni kwa nini.

"Sasa nenda," alimwambia Kiprugut.

Dawa ilifika, sanduku likafungwa nyuma ya pikipiki kwa kamba za ngozi, barafu yake ikifukiza baridi. Kiprugut akaondoka mvua ikianza manyunyu. Siku ile hakurudi, wala siku iliyofuata. Namalwa alitengeneza stovu zake, lakini kila injini iliyonguruma barabarani ilimnyanyua shingo. Makokha alipomaliza zamu alikuta ugali umeungua, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika nyumba ile, akaula wote.

Kiprugut alirudi wiki hiyohiyo, tope mpaka kwenye nyusi. Mbele ya kifua alikuwa amening'iniza kibuyu kirefu cha maziwa ya mgando yaliyotiwa masizi, yale ambayo Wakalenjin huyaita mursik. Alisimamisha pikipiki mbele ya mlango, akashuka, na kabla ya kusalimu akakunja suruali miguu yote miwili mpaka magotini. Miguu ilikuwa mikavu, haina harufu ya petroli.

"Ilipanda?" Namalwa akauliza, ingawa alikuwa ameshaona.

"Ilipanda kama mbuzi, mama. Nilifika na barafu bado iko. Tulichanja boma moja baada ya nyingine. Mahali sotoka iliniwahi, zilikufa, siwezi kudanganya. Lakini Kabazi niliiwahi mimi. Huko hakuna aliyekufa, hakuna ngozi iliyoanikwa." Akampa kibuyu kwa mikono miwili. "Hii si yangu. Kogo mmoja, nyanya mzee wa huko, anaitwa Cheptanui, ameniuliza ni nani alitengeneza piki. Nimesema ni mama mmoja wa landi. Hakuniamini. Amesema nikuletee hii, halafu nikupeleke kwake."

Ndivyo ilivyokuwa kwamba sotoka ilipokwisha kutulia na barabara zikafunguliwa, Makokha akapata likizo, wakavaa nguo za Jumapili, wakapanda basi la Subukia na mtoto wao mapajani. Kiprugut aliwangoja njia panda, wakamalizia safari kwa lori la maziwa.

Cheptanui alikuwa bibi mkavu, mwenye masikio marefu na macho yasiyopepesa. Alikuja taratibu akampa Namalwa mkono, akamsalimu kwa Kikalenjin, "Chamgei," akamgeuza viganja, akayatazama makovu ya kuungua na weusi usiotoka kwenye kucha.

"Ni kweli," alisema kwa Kiswahili chake kizito. "Huyu anashika moto."

Hakumwongoza nyumbani. Alimwongoza kwenye lango la boma, akamsimamisha upande wa kulia, yeye akasimama kushoto. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya miti, na ng'ombe walikuwa wanarudi. Namalwa aliwasikia kabla ya kuwaona, kengele na kwato na mtu akipiga mluzi. Halafu wakaanza kupita katikati yao, mmoja mmoja, matumbo yamejaa, pumzi ya moto ikimpiga tumboni. Cheptanui aliwagusa mgongoni na kuwataja majina: huyu wa madoa, huyu aliyevunjika pembe, huyu wa mahari ya mwanangu, huyu aliyezaa wakati wa ukame. Ndama walifuata mama zao wakisukumana. Namalwa, ambaye hakuwahi kumiliki hata mkia wa ng'ombe, alinyoosha mkono akaanza kuwagusa naye. Migongo ilikuwa na joto. Alikumbuka kile kidude cha shaba kikielea, chepesi, kisicho na tone ndani, akaendelea kuwagusa mmoja mmoja.

Wa mwisho alipoingia, Cheptanui akafunga lango kwa miti.

"Wote," alisema. "Wako wote."

Wakala, wakanywa, wakalala pale, na asubuhi wakarudi. Habari ikawa imetangulia mjini, na kabla ya mwaka kwisha mlango wa Namalwa ulikuwa na pikipiki za mapadri, za wakaguzi wa barabara na za watu wa posta, zimeegemea ukuta mmoja na stovu za majirani. Achola alizoea kuhamisha maharage yake, na baadaye akawa ndiye anayepita kuzima sigara za watu.

Lakini katika basi lile la kurudi kutoka Subukia bado hakuna aliyewajua. Namalwa alikaa dirishani, mtoto amelala kifuani. Abiria wa mbele, mzee mwenye kuku wawili, aligeuka akamuuliza Makokha kama yeye ni mtu wa Nakuru na anafanya kazi gani huko.

"Mimi ni wa reli," Makokha akasema. "Fayamani." Kisha akajinyoosha kwenye kiti, akapaza sauti ifike mpaka kwa dereva. "Lakini huyu hapa ni bibi yangu. Umesikia ng'ombe za Kabazi, zile hazikuguswa na sotoka? Subiri nikuambie."

Na akaanza tangu kwenye mkebe wa Kalasinga, akiongeza chumvi mahali pengine, akisahau boya na sindano zilivyopangana. Namalwa alimsikia akikosea, na hakumkatiza.